Mwenyekiti Hakusema Uongo

Kama umewahi kulala huku kwetu Wusi, milimani Taita, Jumamosi ukaamka Jumapili, sauti yake unaijua hata kama uso wake huujui. Matangazo ya kanisa yalikuwa yake. Mchungaji alihubiri kwa kiasi, kwaya iliimba kwa kiasi, lakini Mwenyekiti alitangaza mpaka maharagwe yakaungua nyumbani. Alitangaza ng'ombe wa nani amezaa na kama ndama ni jike. Alitangaza mtoto wa nani amepita mtihani na, kwa upole unaouma kuliko kofi, mtoto wa nani "atajaribu tena." Alitangaza chanjo ya kuku, barabara ya Mwatate iliyokatika kwa mvua, na mwavuli uliosahaulika benchi la nyuma, wa bluu, mpini umetafunwa na panya.

Ushike vizuri huo mwavuli. Mtu huyu alitangaza hadi mwavuli.

Alikuwa mwenyekiti wa kila kitu kilichokuwa na kiti. Kamati ya maji, kamati ya shule, kamati ya mazishi, bodi ya ranchi. Jina lake la ubatizo lilikufa zamani kwa kukosa kutumiwa. Mkewe mwenyewe akimwita aje kula anasema, "Mwenyekiti, chakula kinapoa," na yeye anakuja akiwa ameshika miwani mkononi kama anayekwenda kufungua mkutano. Mimi pia nitamwita hivyo. Sina haja ya kumpa jina lingine, na sina hamu.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na bado napumzika. Nafuga kuku, nalima kabeji, naishi na mama yangu, na wanaoniuliza kwa nini sijaolewa nawaambia nyumba ndiyo iliyonioa na haijanipiga hata mara moja. Kwangu Mwatate ni safari. Voi ni ng'ambo. Mtu wa namna hii huwajua majirani zake vizuri kupita kiasi, kwa sababu hana kingine cha kutazama.

Basi nilimtazama. Na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa nikimpenda.

Alikuwa mwema wa mikono. Mgonjwa akizidiwa, yeye ndiye aliyetafuta gari, na gari likikosekana yeye ndiye aliyeshika machela upande wa mbele, ule wa kuteremka, ambao vijana hujifanya hawauoni. Baba yangu alipofariki, Mwenyekiti alichimba kaburi pamoja na vijana akiwa na suruali yake ya suti, ameikunja mpaka magotini. Kwenye msiba alisimama kando ya sufuria za nyama akihakikisha watoto wa marehemu wamepakuliwa kabla ya kamati. Hiyo kamati ilikuwa yake, na hata hivyo iliwangoja watoto.

Na alikuwa na fahari moja: hakusema uongo. Hakuisema fahari hiyo kwa majivuno, aliisema kama mtu anayetaja kilo zake. "Mdomo huu haujadanganya mtu." Ukimwambia, "Mwenyekiti, ulisema mabomba yatafika mwezi huu," alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akasema, "Hapana. Nilisema *natumaini* yatafika." Na kweli, ukikumbuka vizuri, ndivyo alivyosema. Alipima maneno kama muuza sukari anayejua mizani yake inakaguliwa. Tulicheka. Tulidhani ni uungwana. Sikujua kwamba mtu anaweza kujizoeza ukweli kama mwingine anavyojizoeza kupanda ukuta.

Kuna kisa cha bomba, na ndicho nilichokuja kukieleza kortini, kwa hiyo nikieleze sasa.

Bomba la kamati ya maji lilikatwa na mtu aliyetaka kumwagilia nyanya zake kwa siri. Aliyekata alichelewa kujulikana. Kisha ikajulikana kwamba fundi viatu, mzee mmoja mpole anayekaa pale kona, alimwona akikata na hakusema. Mwenyekiti akaitisha kikao. Fundi viatu akajitetea: "Mimi sikukata. Wala hakuna aliyeniuliza nikamdanganya. Nilinyamaza tu."

Mwenyekiti akasimama. Nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo yangu. Akasema, "Anayejua akanyamaza ameshadanganya. Tofauti ni kwamba hajauchosha ulimi."

Tulipiga makofi. Fundi viatu akatozwa jogoo. Jogoo mwenyewe aliliwa na kamati, akiwa na viazi. Sentensi ile ikakaa kwetu kama methali. Akina mama waliwachapa nayo watoto. Hata mimi niliwahi kuitumia kwa kuku aliyekuwa akitaga kwa jirani.

Sasa ranchi. Ranchi iko chini huko nyikani, kwenye joto, na sisi tuko huku juu kwenye ukungu. Zamani wazee wetu walitoa ng'ombe na mbuzi, wakaunda kampuni, kila mmoja akapewa hisa zake. Wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Tunaitazama tu kutoka juu wakati wa kuanika nguo: ile kahawia kubwa, hiyo ndiyo yetu. Baba alimwachia mama hisa zake, na mama aliziheshimu kama vyombo vya harusi, vile ambavyo havipakuliwi chakula lakini havitoki nyumbani.

Ukaja ule ukame. Ng'ombe wa ranchi walikufa wakiwa wamesimama, walisema waliowaona. Kwetu juu mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti, na upepo ukang'oa bati la jikoni. Mama akaanza kuwaza kuuza zile hisa. Hakutangaza. Lakini huku kwetu mama akiwaza, ukuta unasikia.

Mwenyekiti akaja mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda, akapewa chai na kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, akala akisifu. Mama akamuuliza, na nilikuwa hatua chache tu nikimenya mihogo, "Mwenyekiti, wewe ndiye uliye bodini. Huko ranchi kuna habari gani? Niuze, nisiuze?"

Akainua kikombe, akanywa polepole. Akasema, "Shemeji, ng'ombe wanakufa."

"Wote?"

"Wanakufa, shemeji. Mimi naweza kukusaidia. Nitazichukua mimi, zisiende kwa mtu wa nje."

Mama akamshukuru. Nataka hilo lijulikane. Alimshukuru, akamfungia na ndizi za kwenda nazo kwa mkewe. Alizinunua kwa bei ya ukame, na hivyo hivyo kwa wajane wengine wa huku juu, nyumba kwa nyumba, akila kila alichopewa. Na kila mmoja alimshukuru.

Mvua ziliporudi, zikaja na lori za nguzo. Kampuni ya umeme wa jua ilikuwa imekodi upande mzima wa ranchi kuweka vioo vyake, kodi ya kila mwaka, kwa miaka ambayo mwisho wake mimi sitauona. Wenye hisa wakaanza kugawiwa. Ndipo ikajulikana kwamba watu wa kampuni walikuwa wamekaa na bodi, wamekula na bodi, wametembezwa nyikani na Mwenyekiti mwenyewe amevaa kofia ya majani, *kabla* ya ile siku ya kimanga. Mkataba ulikuwa unangoja sahihi tu.

Mtu aliyetangaza mwavuli.

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua naweza kuibeba. Mimi ni mtu wa kukasirikia kunguru. Nilitembea kwenye shamba la kabeji nikiongea peke yangu mpaka mama akaniambia, "Usiziharibu, hazijakukosea."

Wajane wakaenda polisi, nami nikawasindikiza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Kidato cha nne changu kilipata kazi hatimaye. Kesi ikafunguliwa Voi. Mashtaka yalikuwa mawili: kujipatia mali kwa udanganyifu, na kununua hisa akitumia siri za kampuni.

Kuhusu safari za Voi sitasema mengi. Nilitapika Mwatate kila safari, na makonda walinizoea wakawa wananipa kiti cha dirishani. Voi kuna joto, vumbi, na watu wanaotembea kama wameitwa. Nilikaa kwenye benchi la korti nikitamani kuku wangu.

Mwenyekiti alikaa kizimbani kama amealikwa. Suti ile ile. Tulipoingia alisimama, akamsalimia mama, "Shemeji, hamjambo huko juu?" Na mama, mwanamke huyu, akajibu, "Hatujambo, Mwenyekiti. Miguu yako inaendeleaje?"

Wakili wake alikuwa kijana mwenye sauti ya redio. Akamuuliza mama, "Mshtakiwa aliwahi kukwambia jambo lolote ambalo si kweli?"

Mama akafikiri. Mama hufikiri kwa uaminifu, hilo ndilo tatizo lake. "Hapana."

"Ng'ombe walikuwa wanakufa?"

"Walikuwa wanakufa."

"Asante. Na unajua kwamba mwenyekiti wa kampuni wajibu wake wa uaminifu ni kwa kampuni, kwa ranchi yenyewe, si kwako wewe?"

Mama akageuka akamtazama hakimu, kisha mimi, kisha wakili. "Ranchi ni nani?" akauliza.

Watu wakacheka. Lakini hakuuliza kwa mzaha. Alitaka kujua. Kama ranchi si yeye, si marehemu baba, si wale wajane, basi ni nani huyo ambaye Mwenyekiti alikuwa mwaminifu kwake hivyo? Ni wale ng'ombe? Hakujibiwa. Mpaka leo hajajibiwa.

Nilipoitwa mimi nilieleza kisa cha bomba. Nilieleza vizuri, nikataja jogoo na viazi. Nikasema mtu huyu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kunyamaza unapojua ni kudanganya, na akamtoza mzee wa watu kwa kosa hilo. Wakili akasimama akasema hayo hayahusiani na kesi. Hakimu akaniambia kwa upole, "Kanuni za kamati ya maji si sheria za nchi, dada." Nikarudi kukaa. Mwenyekiti hakunitazama. Alikuwa akifuta miwani.

Zamu yake ilipofika alisema kwamba kampuni ya jua iliwaomba wanabodi watunze siri mpaka mkataba utiwe sahihi, na yeye ni mtu wa neno lake. Hapo nilitaka kupiga kelele. Siri aliitunza kweli. Aliitunza kwa mkewe, kwa mchungaji, kwa wajane wote, kwa kanisa zima. Mfuko wake ndio pekee aliounong'oneza.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtulivu, na siwezi kumsema vibaya, ingawa nimejaribu. Alisoma hukumu kwa Kiingereza kisha akatufafanulia kwa Kiswahili, akiwatazama wale wajane usoni. Alisema kosa la udanganyifu linataka kitu cha uongo kilichosemwa, kilichoandikwa au kilichotendwa, kuhusu jambo lililopo au lililopita. Mwendesha mashtaka alidai kwamba ukweli nusu ni uongo. Inawezekana, akasema hakimu, lakini jibu la ng'ombe lilikuwa jibu la kweli kwa swali pana, na sheria inayomfunga mtu jela husomwa kwa ufinyu. Penye shaka, shaka ni ya mshtakiwa. Kuhusu shtaka la pili, sheria ile ya siri, kwa jinsi mahakama inavyoisoma, imetungwa kwa hisa zinazouzwa katika soko la hisa. Hisa za ranchi hii hazijawahi kufika soko hilo. Zilikuwa kabatini.

"Mahakama hii haisemi alichofanya ni kizuri," akasema. "Mahakama inasema si kosa lililoandikwa. Kuna mlango mwingine, wa madai, kama mtapenda."

Wajane wakatazamana. Kufika kwenye mlango huu tu walikuwa wameishiwa nguvu.

Tuelewane. Nimelifikiria jambo hili nikipalilia, nikipika, nikioga, na ninaelewa. Naelewa kwa nini hamtaki sheria ya kumfunga kila anayenyamaza. Nusu ya Taita ingekuwa ndani, na mimi ningekuwa nawapelekea uji. Naelewa kwamba aliyetunga sheria alikuwa akiwaza watu wa tai na ghorofa, wanaonunua na kuuza bila kuonana. Hakuwaza mtu anayekuja na miguu yake, anaketi kwenye kigoda chako, anakula mihogo yako, anakuita shemeji. Hapo ndipo ninapochemka. Kwa wasiojuana, ambao hawakudaiana hata salamu, sheria inasema usitumie siri. Kwetu sisi, ambao huyu mtu alimchimbia baba yangu kaburi, sheria inasema kila mtu ajitazame. Kadiri unavyomwamini mtu, ndivyo anavyoruhusiwa kukunyamazia. Nani alipanga hivyo? Na kwa nini yeye, aliyejua sentensi ya bomba kwa sababu ndiye aliyeizaa, alisimama pale akajificha nyuma ya sheria ya watu wa ghorofa?

Jumapili iliyofuata alitangaza kama kawaida. Ng'ombe, chanjo, mazishi. Sijarudi kanisa hilo. Nasali nyumbani, na naomba Mungu anisamehe kwamba napenda hivyo zaidi.

Mama alifanya lake. Sisi Wadawida, Wataita wa huku milimani, kabla ya makanisa, tuliamini kwamba hasira iliyofichwa kifuani inaua: inamwangukia uliyemkasirikia, au mtoto wake, au mifugo yake, hata kama hujasema neno. Dawa yake ni kutasa. Unachukua maji kinywani, au pombe ya miwa kwa waliokuwa nayo, unayapuliza nje, na unasema kwa sauti kwamba hasira imetoka, yule mtu awe mzima. Wahubiri walikataza, watu wakaendelea mlangoni asubuhi kabla ya wahubiri kuamka.

Nilimkuta mama mlangoni na kikombe. Alipuliza maji uani, akasema, "Kama kuna hasira kwangu juu ya mtu huyu, itoke, awe mzima, na watoto wake wawe wazima." Akapuliza tena.

"Mama," nikasema, "unamwombea uzima mwizi?"

"Korti imesema si mwizi."

"Na wewe unasemaje?"

Akapangusa mdomo. "Mimi nasema nataka kulala. Hasira ni kama mbuzi, unaifuga wewe, inakula kwako. Wewe fuga yako ukitaka. Ila usiilete mezani."

Nikaifuga. Ilinenepa.

Mwaka huu mkewe alikuja kuniita. Alisimama getini bila kuingia, jambo ambalo si la huku, akasema, "Mwenyekiti anakuomba ufike. Wewe, si mama yako."

Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi mapajani, jua la saa nne likimpiga kifuani. Miguu ilikuwa imevimba kama mikungu. Hospitali ya Voi walikuwa wamempa dawa za presha, anameza, haipungui. Sauti ilikuwa ile ile. Na mbele yake, chini kabisa nyikani, vioo viling'aa kama ziwa ambalo hakuna ng'ombe anayeweza kulinywa.

"Umenenepa," akaniambia.

"Nafuga," nikasema.

Akacheka kidogo. Alinijua. "Mwanangu, nimewazunguka wote. Mama yako alitasa zamani, Mungu ambariki. Wale wengine wametasa. Wazee wameniambia bado kuna kifua kimoja." Akavua miwani, lakini hakuifuta. "Najua mimi ni mzee wa kanisa. Lakini mguu ni mguu."

Mkewe alileta kikombe cha bati chenye maji, akakiweka kwenye meza ndogo kati yetu, akarudi mlangoni.

"Na hisa?" nikauliza.

"Hisa gani?"

"Za mama."

Akatazama nyika. "Hilo liliamuliwa, mwanangu. Korti ilisema. Nikizirudisha sasa, si nitakuwa nimekubali kosa ambalo sikulifanya? Mimi sikudanganya mtu. Omba kingine. Ng'ombe wa maziwa, nitakupa. Bati. Lakini hilo liliamuliwa."

Alikuwa mgonjwa kweli. Niliona vidole vya miguu vikiwa vimebanana, ngozi inang'aa. Niliona pia suruali imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya uvimbe, na nikamkumbuka kaburini kwa baba, na ilinikera kwamba nimekumbuka.

Nikachukua kikombe. Nikajaza kinywa. Mkewe akafumba macho. Mwenyekiti akainua uso, akangoja, kama watu walivyokuwa wakimngoja yeye Jumapili.

Nikameza.

Maji yalikuwa baridi, ya bomba la kamati. Nikaweka kikombe mezani taratibu, pale pale kilipokuwa.

"Mbona hujasema, mwanangu?" akasema. "Sema chochote. Umejaa, nakuona umejaa, halafu umenyamaza? Anayejua akanyamaza—"

Akakatiza.

Kuku wake walikuwa wakiparura chini ya baraza. Mkewe alikuwa amefumbua macho.

"Malizia, Mwenyekiti," nikamwambia.

Nilisimama pale nikingoja, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Yeye alitazama vioo vyake huko chini, mdomo umefunguka kidogo, kisha akaufunga.